Mukuba Huu Umetoka Wapi?

Ukurasa wa Mchungaji kwa Jamaa na Vijana



Mwezi huu ninajibu ulizo moja la vijana. Ni vijana wa kazi ya mikono. Wanafua bangili, pete na herini kwa vyuma vya zamani, vile siye tunaita mitrayi. Ulizo lao ni hili: "Pasta, kuko watu banatuletea mukuba ya nyaya, bei yake chini sana. Banaleta usiku. Tukiuliza inatoka wapi, banakasirika. Tununue ao tuache?"

Vijana wapenzi, jibu langu nitalitoa waziwazi. Lakini mbele ya jibu, tuongee kwanza juu ya kazi yenyewe, maana watu mingi wanaizarau.

Kazi ya mababu

Mtu akiona kijana amekaa chini ya muembe na nyundo na kipande cha waya, anawaza: huyu amekosa kazi. Hapana. Huyu anafanya kazi ya zamani sana katika inchi hii. Treni ya kwanza ilifika hapa mwaka 1910. Kiwanda cha Lubumbashi kilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Lakini mababu walikuwa wamejua mukuba miaka mamia na mamia mbele ya hapo.

Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, kiisha tena mwaka 1974. Wakakuta watu waliozikwa na bangili, mikufu, na misalaba midogo ya mukuba. Misalaba ile haikuwa ya dini. Ilikuwa mali, ilikuwa feza ya kununua na ya kutoa mahari. Ndiyo maana misalaba mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960.

Mababu waliyeyusha jiwe la kijani katika tanuru la udongo wa kichuguu, kwa makala na mivuo. Na walijua siri moja ambayo hata leo ni kweli: mukuba hauchoki. Ukiuyeyusha mara kumi, unabaki mukuba. Leo ni msalaba, kesho ni bangili, kesho kutwa ni waya nyembamba ya kupamba mpini wa kisu. Kumbe kufanya kitu kipya kwa kitu cha zamani hatukufundishwa na wageni.

Shida ilitufundisha tena

Ninyi wazee mnakumbuka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka mmoja. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990. Mwaka 1993 shaba haikufika hata tani 50,000. Kiisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango wa "départ volontaire". Baba aliyezoea kupokea mshahara na mfuko wa unga akarudi nyumbani na mikono mitupu.

Lakini mikono mitupu ni mikono bado. Kopo la maziwa likawa koroboi ya kuangazia watoto wakisoma. Bati la pipa likawa mbabula. Pneu ya kamio ikawa sandali. Vipande vya aliminiumu vikawa sufuria. Watoto wakapinda waya wakafanya motokari yenye usukani, wakaisukuma avenyu nzima.

Hata kile kilima cheusi kando ya bomba refu la kiwanda, kile tulichokiona sawa takataka tu, kilikuwa na mali ndani. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kiwanda cha STL kilianza kuchukua mabaki yale na kutoa humo kobalti na shaba. Ikiwa watu wenye mashini kubwa waliona mali katika takataka, kwa nini kijana mwenye nyundo asione?

Tena kuko watoto wa muji huu waliojulikana mbali kwa njia hiyo. Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1974, anatengeneza mashini za ajabu kwa karton, nyaya na vyombo vya umeme vilivyokufa. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alichukua maganda ya mabomu ya vita vikubwa vya Ulaya, akapanda maua ndani. Kwa nini? Kwa sababu jamaa za Ubelgiji walifanya hivyo nyumbani kwao kisha vita: ganda la bomu likawa chombo cha maua. Naye anatukumbusha kwamba shaba ya Katanga ilikwenda katika vita vile. Ona sasa: anauliza ulizo moja na lenu. Shaba hii ilitoka wapi, na ilipita wapi?

Sasa jibu

Vijana wangu, mukuba ule wa usiku, muache. Msinunue hata kilo moja.

Waya nene inayofika usiku, imekatwa upya, mwenye kuileta haonyeshi kartasi wala hataji jina la mwenyewe, hiyo haikutupwa. Imetoka kwenye mti wa umeme ao kwenye kabini ya kartié. Mnajua kinachofuata, kwa sababu kila mmoja wetu amekiona. Kartié inabaki giza wiki nyingi. Pompe za maji zinafuata umeme, basi robine nayo inakauka. Mama anazaa kwa mwangaza wa telefone. Fundi wa kushona na fundi wa kuchomea vyuma wanafunga mlango. Na mara kwa mara anakutwa asubuhi kijana amelala chini ya kabini, mkono umeungua, hakuna kumuamsha tena. Yule alikuwa mtoto wa mtu. Aliingia pale kwa sababu alijua kuko mwenye kununua.

Ndilo neno ninalotaka mlishike: mwenye kununua ndiye anayemtuma mwizi, hata kama hakumtuma kwa kinywa. Sheria ya Kongo nayo inamuazibu yule anayepokea kitu cha wizi, si paka mwizi peke yake.

Ninajua mtakayoyasema. La kwanza: "Pasta, nikiacha mimi, mwingine atanunua." Labda. Lakini wewe hutajibu juu ya mkono wa mwingine. Tena wanunuzi wakipunguka, bei ya wizi inaanguka, na kazi ya kupanda miti ya umeme usiku inakosa faida. Kila mlango unaofungwa ni msaada.

La pili ni gumu zaidi, nami silizarau: "Makamio yanapita Kasumbalesa muchana na usiku yamejaa shaba. Inchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, siye hatuna kitu. Juu ya nini siye tuzuiwe kilo mbili?" Hasira hiyo ina sababu. Mtoto aliyezaliwa juu ya mukuba ana haki ya kuuliza faida ya mukuba inakwenda wapi, na aulize kwa sauti, muchana, mbele ya wakubwa. Lakini waya ya kabini haiko ndani ya makamio yale. Ukiikata, hukumnyang'anya tajiri wa mbali. Tajiri ana groupe elektrojeni. Umemnyang'anya mama yako, mwalimu wako, na mgonjwa wa hospitali ya karibu.

Vioo vya wamama na pete za ndama

Katika kitabu cha Kutoka kuko habari mbili za vitu vilivyogeuzwa. Wamama waliotumika kwenye mlango wa hema walitoa vioo vyao vya shaba, na kwa vioo vile likafanywa birika la kunawia. Lakini katika kitabu kile kile watu walivua pete za masikio, zikayeyushwa, zikawa ndama wa sanamu. Mafundi walikuwa na moto na nyundo sawasawa. Tofauti haikuwa katika ufundi. Ndiyo sababu maulizo ni mawili: kitu kimetoka wapi, na kinakwenda kufanya nini.

Hata katika wakati wetu tumeona mfano mzuri. Msumbiji, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunduki zilikuwa zimefichwa katika mashamba na manyumba. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la inchi ile, pamoja na Askofu Dinis Sengulane, walianzisha kazi ya kubadilishana: leta bunduki, upokee jembe, baisikeli ao mashini ya kushona. Bunduki zikakatwa zisiweze kupiga tena, na mafundi wakafanya sanamu na viti kwa vipande vyake. Mwaka 2001 fundi anayeitwa Kester alifanya kiti kikubwa kwa vipande vya silaha. Leo kiti kile kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ona uzuri wake: kila mtu alileta kwa mkono wake mwenyewe, akapokea kitu cha haki, na chuma cha kuua kikawa kitu cha kukalia.

Mukuba safi unapatikana wapi?

Hamtakosa mali ya kufanyia kazi. Tafuteni motere zilizoungua kwa mafundi wa umeme. Tafuteni bomba za frigo zilizokufa, robine za zamani, kufuli zilizovunjika. Kule Nairobi, katika kartié ya Kibera, mafundi wanayeyusha robine na kufuli za namna hiyo na kufanya mikufu na herini za kuuzisha mbali. Nyumba ikitengenezwa upya, mwenye nyumba anabaki na nyaya za zamani. Nunueni kwake mwenyewe, akiwa hapo.

Mwenye kuanza kazi anunue kayé moja. Kila mara aandike: tarehe, jina la aliyemuuzishia, kitu gani, kilo ngapi, kimetoka wapi. Mwenye kukataa kuandikwa, mwambie kwa upole: "Ndugu, rudisha mali yako." Siku polisi wakipita, kayé hiyo itakusemea.

Na wamama ao wabinti wasio na nyundo wanaweza kuanza na kartasi. Kampala, katika kartié inayoitwa Acholi, wamama waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wanafanya shanga kwa kartasi za zamani. Wanakata kartasi vipande virefu vyenye pembe tatu, wanakunja kila kipande juu ya sindano kuanzia upande mpana, wanabandisha na kole, wanapaka verni mara mbili ao tatu, wanaanika. Kalendari ya mwaka uliopita inatoa mikufu mingi. Hata gazeti hili, kisha jamaa yote kulisoma, ninaruhusu.

Ginsi ya kufanya bangili

Kwa wanaoanza, hii ndiyo njia nyepesi.

Kwanza, waya ya motere ni nyembamba na imepakwa verni. Ikwangue kwa kisu ao kartasi ya emeri, usiichome. Kiisha uisuke, nyuzi tatu ama sita, sawa unavyosuka nywele. Pima mkono kwa kamba, uache nafasi ya vidole viwili ili bangili iingie.

Pili, weka mukuba juu ya mbabula mpaka uwe mwekundu kiloko, kiisha uutumbukize katika maji. Hapa wengi wanashangaa: chuma cha pua kikiingia maji kinakuwa kigumu, lakini mukuba unalainika. Piga kwa nyundo polepole. Ukiona unakuwa mgumu, urudishe motoni. Fundi mwenye haraka anapiga mukuba mgumu mpaka unapasuka, anasema mali ni mbaya. Mali si mbaya. Uvumilivu ndio umekosa.

Tatu, safisha kwa maji ya ndimu na chumvi, suuza, kausha. Paka miisho kwa tupa iwe mviringo, isichane ngozi. Sugua kwa majivu yaliyochekechwa na kitambaa. Mwisho paka verni kiloko. Mwenye kununua akisema bangili imemfanya kijani mkononi, mueleze: ni jasho na mukuba vimekutana, si ugonjwa wala si uchawi. Inatoka na sabuni.

Moshi na sumu

Hapa ninasema na wazazi. Msiruhusu watoto wachome nyaya ili plastiki iishe. Moshi ule mweusi unabeba sumu ya mapafu na ya mwili wote. Plastiki inakatwa kwa kisu, inavuliwa sawa ganda la muhindi. Inachukua wakati, lakini mukuba wenyewe unatoka mzuri zaidi kuliko ule ulioungua.

Batri za motokari msizivunje wala msiyeyushe zile bamba za ndani nyumbani. Ni risasi, ile tunaita plomb. Inaharibu akili ya mtoto na hairudi tena. Radiateri za zamani nazo zimeunganishwa kwa risasi. Kwa hiyo msifanye herini ao mukufu wa mtoto kwa chuma kijivu msichokijua, maana mtoto anatia kila kitu kinywani.

Hata sufuria za aliminiumu ya mitrayi zinataka akili. Wataalamu walipima sufuria za namna hiyo kule Kameruni, kiisha katika inchi zingine, wakakuta nyingine zinatoa risasi ndani ya chakula. Fundi akichanganya katika moto batri, radiateri na vipande vya motere, mama hawezi kuona kwa macho. Mafundi wa sufuria, chagueni mali yenu. Ninyi mnashika chakula cha watoto wetu.

Bei ya haki

Neno la mwisho ni feza. Tuseme fundi amenunua waya safi kwa franka 2,000, makala 1,000, emeri na verni 1,000. Jumla ni 4,000. Amefanya bangili nne kwa siku mbili. Akiuzisha moja kwa 1,000, amerudisha gharama tu. Siku zake mbili ametoa bure. Lazima ahesabu siku zake pia.

Lakini fundi wa mukuba wa usiku amenunua waya ile ile kwa nusu ya bei. Anauzisha chini, na yule wa haki anakaa na bangili zake mpaka mangaribi. Hivi wizi hauui kabini peke yake. Unaua na ufundi.

Kwa hiyo ulizo si la vijana tu. Ni letu sote tunaonunua. Mama ukitaka bangili ya arusi ya binti wako, baba ukitafuta zawadi ya mgeni, muulize fundi bila kumpa haya: "Mwanangu, mukuba huu umetoka wapi?" Fundi safi atafurahi, atafungua kayé yake. Mlipe bei yake, usimvutane naye mpaka jasho limtoke. Unalipa siku zake, na unalipa taa inayobaki inawaka katika kartié yako.

Vikundi vya vijana katika parokia, anzeni mwezi huu: nyundo moja, tupa moja, kayé moja, na mzee mmoja anayejua kazi. Wafundi wa zamani wa kiwanda wako wengi kati yetu, wamekaa mbele ya nyumba, hakuna anayewauliza kitu. Waendeeni. Mikono yao inajua mambo ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote.

Mwezi ujao tutaongea juu ya deni katika jamaa: wakati gani kukopa ni hekima, na wakati gani ni kamba ya shingo. Mwenye ulizo aandike, na ampe mzee wa kanisa lake.